Nakala ya Saba

Hotuba ya Nyevu niliipiga chapa mara saba.
Ya kwanza alinisomea amesimama;
maneno ya ardhi, alisema, hayasemwi na aliyeketi.
Alipoegemeza kidole mezani pangu
pakabaki alama nyeupe: chumvi
anayoikusanya kwa ujira wa siku
katika uwanja uliokuwa shamba la mamake.
"Andika: Baba Mtakatifu, tulizaliwa pale, tukazika pale,
na makaburi yetu leo yamo ndani ya seng'enge.
Andika na majina yao."
Nikaandika. Majina kumi na mawili, kurasa tatu.

Papa alikuwa anakuja Malindi,
saa nne tu, kati ya ndege na ndege,
na mji ulishaanza kuvaa nguo za kuazima.
Mawe ya kando ya barabara: meupe, meusi, meupe.
Mbuzi wa Barani wakatiwa kizuizini.
Wauza mabuyu wakahamishwa "kwa muda",
na lile shimo la mbele ya soko
tulilolipa jina la diwani
likafukiwa usiku mmoja, kimya, kama kesi ya tajiri.
Bi Zamzam, aniuziaye chai kwa mkopo, akaniuliza:
"Huyo mgeni wenu anakuja kuona nini,
nanyi mnaficha kila cha kuonwa?"
Nikamwambia nitalipa Ijumaa.

Akaja bwana wa itifaki, kalamu nyekundu mfukoni.
"Tukazika" ni neno zito kwa siku ya shangwe.
"Seng'enge" ni siasa.
Majina, alisema, huzaa kesi.
Nakala ya nne ilitosha nusu ukurasa.
Ya sita: Karibu, Baba, kwetu kuna amani.
Siasa zenyewe zilikuwa chumba cha pili,
waheshimiwa wawili na futi ya fundi cherehani
wakipima kutoka kiti cha Papa hadi viti vyao,
mmoja hajaingia kanisani tangu harusi yake,
ile ya kwanza,
na shingoni ana rozari ndefu kama mnyororo wa baiskeli.

Nakala ya saba haikuwa hotuba tena.
"Mama atatoa kikapu cha korosho. Atapiga goti. Atashuka."
Niliipiga chapa hivyo hivyo, nikaweka nukta.

Alipanda. Akapiga goti.
Mzee yule mwenye nguo nyeupe akatia mkono kikapuni,
tabaka la korosho likafunguka,
vidole vikatoka na chumvi, ya mawe, chafu kidogo.
Akaionja. Hakuna aliyemwandikia aionje.
Akauliza jambo. Nyevu akajibu kwa Kigiriama, jibu refu,
refu kuliko zile kurasa tatu,
na mkalimani akasema: "Anakukaribisha."

Katika mahubiri alitaja ardhi mara moja. Nilihesabu.
Jioni mheshimiwa wa kwanza akasema Papa amemuunga mkono.
Wa pili naye, redio ile ile, baada ya tangazo la sabuni.
Mabango yakatoka: Papa, mheshimiwa, na kati yao
kiwiko cha mwanamke, kimekatwa na ukingo wa picha.

Sisemi hakuna kilichotokea.
Mwezi wa tatu alikuja mpima ardhi, siku mbili,
akapigilia vigingi kumi na kimoja.
Wengine wanasema ni ile chumvi. Wengine, uchaguzi.
Mbuzi wanajikuna pale.
Nyevu hupita kila asubuhi akivihesabu
kama mtu aliyeahidiwa kumi na viwili.

Nakala ya kwanza ninayo, ndani ya droo, pamoja na risiti.
Bi Zamzam bado ananidai.
Na shimo la soko limeanza tena:
kwanza ufa, kisha jicho,
na juzi, baada ya mvua, mdomo.